Noti Mbovu ya Wimbo wa Mwisho

Kaz Nowicki alikuwa anavuja damu mdomoni na hakutaka mtu ajue. Tulijua wawili tu, Rocco wa saksafoni na mimi wa tromboni, kwa sababu tulisimama naye bega kwa bega mbele ya maikrofoni moja. Prodyuza wetu, Merle Hadley, alikuwa upande wa pili wa kioo cha studio, na kioo chenyewe kilikuwa kichafu. Mungu aubariki uchafu ule.

Wiki iliyotangulia tulikuwa ukumbini kule Cicero, mji jirani na Chicago. Mlevi mmoja akapanda jukwaani kumkumbatia Kaz katikati ya wimbo, tarumbeta ikamgonga, jino la mbele likakatika kipande. Ncha iliyobaki ilikuwa inamchana mdomo kila alipoubana kupuliza. Daktari wa meno alimwambia apumzike mpaka theluji iyeyuke. Kaz akamjibu kwamba studio haikukodiwa masika, imekodiwa sasa.

Fununu zilikuwa zimemfikia Hadley. Ndiyo maana pale mapokezi alikaa Orville Tate, mpiga tarumbeta wa kukodiwa, koti la sufu mwilini, tarumbeta magotini, anakula mkate wa nyama unaochuruzika mchuzi. Hatukuhitaji kuelezwa. Orville akiingia kupiga wimbo huu wa mwisho wa albamu, ndiye atakayepanda nasi basi la ziara, na Kaz atarudi kwenye kiwanda cha chuma alikomwacha baba yake.

"Wapulizaji ndio bendi," Hadley alikuwa ametuambia asubuhi. "Bila nyinyi watatu, wenzenu wale ni vijana wenye magitaa tu, na vijana wenye magitaa Chicago hii ni wengi kuliko panya. Kwa hiyo sitaki mpulizaji mgonjwa."

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tunapiga wimbo mzima, halafu tunavaa vipokea sauti masikioni, tunausikiliza, na kuupiga tena juu yake, sawasawa, ili watatu wasikike kama sita. Mara ya kwanza ilikuwa imetoka safi. Ilibaki ya pili, na kwenye mkanda wa kurekodia ilibaki nafasi moja tu. Mmoja akirudia, kinafutika cha wote watatu. Mwisho wa wimbo kulikuwa na noti ya juu kabisa ya Kaz. Mpangaji wa sauti zetu ni mimi. Niliiweka pale wakati ana meno yote.

"Kaz," nikamnong'oneza, "nikuteremshie ile ya mwisho. Nani atajua?"

"Mimi."

"Acha ubishi wa Kipolandi."

"Na wewe acha huruma ya Kigiriki, Gus. Puliza bomba lako."

"Mnaoana au tunapiga?" akasema Rocco.

Taa nyekundu ikawaka.

Mimi nina tabia mbaya, yeyote atakwambia. Noti mbovu inaniuma kama kokoto kwenye kiatu. Nimewahi kusimamisha muziki kwenye harusi ya dada yangu mwenyewe kwa sababu ya mpiga besi, na mpiga besi huyo tukambadilisha wiki ileile. Lakini siku ile sikuwa nasikiliza, nilikuwa natazama. Tulipoanza kupanda kuelekea mwisho, nikaona uzi mwekundu unateremka kidevuni kwa Kaz. Akabana macho, mabega yakainuka, na noti ikatoka nzima, haina hata ufa. Na tromboni haina vitufe, ina mrija tu unaouvuta na kuurudisha. Mkono wangu, kwa kumtazama yeye, ukasimama upana wa kidole kabla ya pahali pake.

Ikatoka noti nyingine kabisa, ikasuguana na ya Kaz mpaka mwisho.

Sauti ya Hadley ikaingia kwenye spika. "Kaz, hiyo ndiyo tarumbeta! Gus, umeteleza. Futa, turudie."

Kaz akageukia ukutani, akajifuta kwa mkono wa shati, akainua tarumbeta tena. Nilijua hana nyingine ya namna ile mdomoni mwake, na yeye alijua zaidi yangu.

"Sijateleza," nikasema.

"Nini?"

"Nimeipiga makusudi. Ndivyo nilivyoipanga."

Mlango ukafunguliwa, Hadley akaja mwenyewe. Kaz akainama haraka, akajifanya anamwaga mate yaliyokusanyika ndani ya tarumbeta.

"Wewe? Wewe uliyemfukuza mpiga besi kwa kosa dogo kuliko hilo?"

"Lile lilikuwa kosa. Hili ni wazo."

"Mara ya kwanza hukupiga hivyo."

"Ndilo lenyewe! Ya kwanza tamu, ya pili chachu. Ukitaka sukari tupu, bwana Hadley, zipo bendi za hotelini."

Rocco akakohoa. Kilikuwa kicheko, lakini Hadley hakukijua.

"Orville!" Hadley akaita. "Njoo hapa. Ulikuwa unasikia huko nje?"

Orville akasimama mlangoni akijifuta vidole. Alimtazama Kaz aliyeinama, akautazama ule mkono wa shati wenye damu. Neno moja lake na kazi ilikuwa yake.

"Nimeitwa kwa ajili ya tarumbeta," akasema. "Tarumbeta nimeisikia, sina la kuongeza. Ya tromboni muulize mwenye tromboni."

Hadley akanigeukia. "Haya. Kama ni wazo, mkono wako unalijua. Ipige peke yako, kuanzia mnapopanda."

Hapo niliogopa kweli. Mkono wangu ulikuwa umefundishwa ile iliyo sawa tangu kiangazi. Ungeweza kwenda wenyewe bila kuniuliza. Nikapuliza, nikapanda, na nilipofika pale nikauzuia kama unavyomzuia mbwa kwa mnyororo. Ikatoka. Mbaya vilevile, kinyaa kilekile. Nikaishikilia huku namtazama Hadley usoni mpaka pumzi ikaniishia.

Akajikuna shingo.

"Ni ileile," akasema. "Siipendi, lakini ni ileile. Iacheni." Akarudi nyuma ya kioo chake, taa nyekundu ikazimwa.

Orville alivaa kofia, akamgusa Kaz begani. "Kaling'oe hilo jino leo, kijana," akasema, akatoka kwenye theluji.

Kaz akaketi sakafuni, akaacha damu ionekane. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Gus. Ile noti ni mbovu."

"Mbovu kabisa."

"Na imeingia kwenye santuri. Watu wataijua. Utaipiga kila mji, kila onyesho, mpaka uzeeke."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Rocco alicheka mpaka akashika ukuta.

Kaz hakukosea. Santuri ilikwenda mbali kuliko sisi, na siku hizi hata vijana wa bendi za shule wananijia kunionyesha jinsi wanavyoipiga ile noti, kwa uangalifu mkubwa, nami nasaga meno na kuwapongeza. Naichukia kila ninapoipiga. Naipiga hata hivyo, na kulia kwangu amesimama Kaz.