Picha za Natacha

Mukasine alikuwa akikunja nguo pale binti yake wa miaka kumi, Natacha, alipomletea tableti.

"Mama, huyu mtu wa kwenye gemu anajua geti letu ni la kijani."

Mukasine akasoma. Mtu anayejiita Dada Bella alimwandikia mtoto kwamba Jumatatu atamsubiri nje ya shule na zawadi, ila mama asiambiwe. Shule aliitaja kwa jina.

"Ulimwambia unasoma wapi?"

"Hapana, Mama. Nilimwambia jina langu tu. Kweli tena."

Akafungua ukurasa wa mumewe mtandaoni, na yote yalikuwa pale: Natacha na sare, nembo ya shule ikisomeka, Natacha mbele ya geti la kijani la nyumba yao mtaani Kabeza, Natacha na keki, tarehe ya kuzaliwa juu yake. Yeyote aliweza kuona, na dada za mumewe walikuwa wamezisambaza zaidi.

Nkusi, mumewe, akaingia kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, jembe begani, akipiga mluzi. Mkewe akamsukumia tableti kifuani.

"Soma! Umemchorea huyu mshenzi ramani ya mwanangu!"

Nkusi akasoma, uso ukamsawajika. Kisha akamgeukia mtoto. "Kwa nini unaongea na watu usiowajua? Hutaigusa tena hii!"

Hapo ndipo Mukasine alipowaka kweli. "Mwache! Yeye amekuja kusema. Ukimwadhibu leo, kesho atanyamaza. Wewe mtu mzima, wangapi usiowajua umewaonyesha mtoto?"

"Punguza sauti, majirani..."

"Wasikie! Si uliwaonyesha na wao?"

Nkusi akatoa simu yake aanze kufuta picha. Mukasine akamnyang'anya. "Usiguse kitu. Polisi waone kwanza."

Walikwenda kituoni mchana uleule, na askari akapiga picha kila ujumbe.

Jumatatu Natacha alibaki nyumbani. Saa kumi askari akapiga simu: mwanamume wa makamo amekamatwa karibu na shule, ana mwanasesere kwenye mfuko, na simu yake ndiyo yenye akaunti ya Dada Bella.

Nkusi akalia. Mukasine hakulia. Alimkumbatia Natacha, akamwambia amefanya vema kusema, kisha akaketi mbele ya mumewe.

"Sasa futa. Halafu wapigie dada zako wote waliozisambaza."

Nkusi akawapigia mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wazifute. Mukasine alisikiliza kila simu mpaka mwisho.