Mashavu ya Charline

Jumamosi asubuhi, katika kambi ya wakimbizi wa vita pembezoni mwa Goma, Donatille alikuwa amekaa juu ya bidoni la maji la njano akisukwa nywele. Mchana shangazi za mchumba wake, Honoré, wangekuja kumtazama. Kwao Masisi mwari hunyweshwa maziwa mpaka ajae, lakini ng'ombe waliliwa na wenye bunduki, na Donatille alibaki mifupa. Shangazi hao walishamkataa mara moja. Wakimkataa tena, Honoré angeozwa mwingine.

Basi kambi nzima ikamchangia, kama inavyochangia viti na sufuria za arusi. Jirani yao Pascasie alivua nyonga akamkabidhi. Mwingine alileta mikono minene ya juu, mwingine vigimbi vya miguu. Vigelegele vikapigwa mpaka maturubai yakatikisika! Mdogo wake Donatille, Charline, alikuwa na mashavu ya mviringo ambayo hata njaa ya njiani haikuyamaliza. Akayabandua taratibu.

"Utanirudishia, yaya?" alimuuliza dada yake.

"Kesho, mudogo wangu."

Mchana, Domitille, mmoja wa shangazi za Honoré, alipoingia, alimzunguka Donatille na kupiga makofi. "Eh! Muzuri kweli!"

"Tantine, unajuaje eko muzuri?" aliuliza Charline.

"Si eko na mwili!"

"Na mwili ni uzuri sababu ya nini?"

"Sababu banamuke bote bazuri beko na mwili."

"Lakini kuko bakonda bazuri."

"Hapana. Kama ni mukonda, haeko muzuri."

Wote waliitikia kwa kichwa, na jambo likaisha hapo. Domitille aliketi kwa uangalifu, ameshikilia mapaja kwa mkono, maana aliyaazima kwa jirani yake asubuhi ile na yalikuwa hayajakaa sawasawa. Donatille akakubaliwa, na arusini ngoma ilianza, Honoré akacheza hadi kiatu kikamtoka.

Baada ya arusi, kila mtu alirudishiwa chake. Pascasie alizipangusa nyonga zake vumbi akazivaa, akaenda kuchota maji. Mashavu tu hayakurudi. Donatille alisema mumewe ameshayazoea, na mama mkwe pia. Charline aliumia, lakini alimpenda dada yake, hakudai.

Mvua za mwaka uliofuata, Bienvenu, mdogo wake Honoré, alimtaka Charline. Furaha iliyompata! Alifagia mawe meusi ya mlangoni tangu alfajiri, akiimba. Majirani wa kumchangia hawakuwapo tena, vita vilikuwa vimewahamisha. Shangazi walifika wamependeza, na Donatille katikati yao, maana sasa alikuwa mtu wa ukoo ule.

Walimtazama Charline mbele na nyuma. Domitille akageuka.

"Donatille, wewe unasemaje?"

Donatille alimtazama mdogo wake.

"Ni mukonda," alisema. "Haeko muzuri."

Charline aliliona chozi likishuka kwenye mashavu yake mwenyewe, usoni mwa dada yake. Aliinuka, akawamiminia wageni chai.