Ndugu wa Marehemu

Mwoka mikate alipigwa risasi langoni mwa kiwanda, siku waokaji walipogoma. Mwili ulipofika nyumbani, turubai na viti vilishatangulia. Mjane wake, fundi cherehani, alimvuta pembeni shemeji yake, tarishi wa ofisi ya kata.

"Nani kaleta haya?"

"Ofisi. Na jeneza pia." Shemeji alikwepa macho yake. "Mkubwa atasema maneno mawili matatu, kwamba kaka aliugua ghafla. Nyamaza tu, shemeji, nakuomba. Nina watoto."

Mjane akatii. Tangu mgomo mikutano ilikuwa marufuku, na watu walioogopa hata kusimama wawili barabarani walifurika uani kwake, maana kulia hakujakatazwa. Waokaji walijibanza ukutani. Waliokalia viti vya mbele hakumjua hata mmoja.

"Marehemu," mkubwa alianza, "alipatwa na maradhi ya ghafla..."

Mama mkwe, aliyelia mpaka sauti ikamkauka, aliinua uso. "Maradhi gani, baba? Nimempapasa mwanangu mgongoni. Kidole kimezama."

Mjane alimshika mkono mama mkwe, wakatoka chini ya turubai, wakaketi juani, vumbini. Wanawake wakafuata, kisha waokaji. Mkubwa akawamalizia hotuba watu wa mbele.

Vijana wa ofisi walikunja turubai, wakabeba viti, wakarudi kuchukua na jeneza. Shemeji akalilalia kifudifudi. "Labda mnizike nalo!"

Wakamwachia. Kesho yake akafukuzwa kazi, na waokaji wakakuta wageni wamevaa aproni zao. Haukupita muda likatoka tangazo: msibani ni ndugu wa damu tu.

Mwokaji mwingine, aliyejeruhiwa siku ileile, akafia hospitali. Mjane alijifunga kanga akaenda msibani kwake, ingawa mtu huyo hakuwahi hata kusalimiana naye. Mlangoni polisi akamzuia.

"Wewe nani wa marehemu?"

"Dada yake."

"Na wewe?"

"Mjomba," akasema shemeji, aliyekuwa mdogo kuliko maiti.

"Binamu," akasema wa tatu.

"Shangazi."

Foleni ilifika barabarani. Polisi aliitazama yote, kisha akachomoa simu ya upepo akaita gari. Lilipokuja walipandishwa mmoja mmoja, na humo ndani, wamebanana, ndipo mjane alipopata kulia kwa sauti. Mtu asiyemjua akampa bega.