Vijiua Alivyoacha Mama

Mama alipofariki alituachia tangi la samaki wa maji ya chumvi, limejaa ukuta mmoja wa sebule. Ndani yake mlikuwa na mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa, na tumbawe la zambarau lenye matawi kama vidole, ambalo mama alilikuza kutoka kipande cha ukubwa wa ukucha. Baba, fundi viatu mstaafu, hakuwahi hata kulifuta tangi hilo vumbi. Kila asubuhi mama alimwita, "Mzee, njoo nikuonyeshe kitu," naye akajibu kutoka nyuma ya redio, "Baadaye, mke wangu." Hiyo baadaye yake ilikuwa ndefu kuliko foleni ya hospitali.

Baada ya mazishi nilirudi kukaa naye, nikakuta mtu mwingine. Alikuwa amejifunza kuchanganya chumvi, kupima joto la maji, kusugua kioo. Mbele za watu alijikaza kiume, lakini mara kadhaa nilimfuma akiwapa samaki habari za mtaani.

Siku moja akaniita, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kwenye jiwe lililo jirani na tumbawe vilikuwa vimechipuka vijiua vya kahawia, vyembamba, vyenye mikono kama nywele zikipepea majini.

"Umeviona? Kavipanda mama yako. Vimengoja aondoke ndipo vikachanua."

Sikuwa na moyo wa kubisha, wala sikuwa na la kubishia. Akaanza kuvilisha. Alisaga uduvi na kuvidondoshea kwa kijiko, navyo vikakunja mikono na kumeza, na baba akacheka peke yake. Waliokuja kutupa pole walivutwa mpaka kwenye kioo wakaone maua ya marehemu. Mwezi haukuisha, jiwe zima lilikuwa limejaa, na tumbawe likaanza kupauka tawi baada ya tawi. Baba alisema linamlilia mama. Nami nikaamini.

Lilipobaki na matawi mawili, baba akamwita mwanamke aliyekuwa akimuuzia mama chumvi na samaki, mcheshi asiyekauka maneno. Aliinama mbele ya kioo, ucheshi ukamwisha.

"Nani kaviacha hivi vikazaliana namna hii?"

"Ni maua ya mke wangu," baba akasema.

"Mzee wangu, haya si maua. Ni wanyama, tena waharibifu. Wanaunguza kila kinachowagusa. Hilo tumbawe wanaliua wao." Akasita. "Mkeo alipambana nao miaka yote. Kila asubuhi, mmoja mmoja, kwa bomba la sindano lenye maji ya ndimu. Hakukwambia?"

 Bomba hilo nilimwona baba akilitupa. Wiki ile ya msiba alikusanya dawa zote za mama, akaliona juu ya tangi, akadhani nalo ni la ugonjwa. Akalitia kwenye mfuko wa taka pamoja na vingine, akafunga fundo. Hakutaka kuona sindano tena nyumbani kwake.

Yule mwanamke alikwenda kututafutia bomba jingine. Baba akashindwa kungoja. Alichukua brashi mpya ya viatu, akazamisha mkono mpaka kwapani, akavisugua vile vijiua kama anayetoa tope kwenye soli.

"Nimevilisha kwa mkono wangu," alikuwa akisema. "Mkono wangu huu huu."

Nilimwambia, basi, baba. Sijui kama alinisikia. Jiwe likatakata, na siku chache baadaye vijiua vikaota kila mahali, hadi kwenye kioo. Kumbe kila kipande kinachokatika huwa mnyama mzima.

Yule muuza samaki aliporudi na bomba hakumkaripia. Alikata tawi la mwisho lililokuwa hai, akaligandisha kwa gundi juu ya kijiwe kisafi, akaliweka kona ya mbali.

"Hili likipona, mnalo tumbawe lenu. Likifa, ndiyo basi tena."

Sasa kila asubuhi baba huzima pampu ili maji yatulie, huvaa miwani yake ya kushonea viatu, na kudunga kijiua kimoja kimoja.  Anakosea, anarudia. Jana nilikuwa naosha vyombo nikamsikia akiita.

"Mwanangu, njoo nikuonyeshe kitu."

"Baadaye, baba, nina povu mikononi."

 Akaja mwenyewe jikoni, akafunga maji, akanishika mkono na povu lake.

"Mama yako nilimjibu hivyo hivyo," alisema. "Twende sasa."

Kwenye ncha ya lile tawi palikuwa na doa jipya la zambarau, dogo kuliko kichwa cha msumari wa kiatu. Tulilitazama, povu likidondoka sakafuni.

"Kumbe ndivyo vitu alivyokuwa akiniitia," baba akasema, na akaanza kulia.