Bi Mkubwa wa Ofisi ya Mbegu

Ofisi ya mbegu za mpunga pale Lipangalala ilipoletewa kompyuta tatu mpya, mwaka 1996, Serafina aliibatiza ile ya zamani jina la Bi Mkubwa. Alikuwa ameitumia miaka kumi: kioo cheusi, maandishi ya kijani, na mngurumo wa mashine ya kukoboa. Zile mpya zikawa wake wadogo, wepesi, wenye maringo.

Bwana Fridolin, mkuu wa ofisi, hakuwa na muda wa mambo ya ukewenza. "Lori la vitu chakavu linaondoka leo saa tisa," alisema asubuhi ya Ijumaa. "Na hiyo imo."

Ndani ya Bi Mkubwa mlikuwa na orodha ya mbegu za asili mia tatu na kumi na mbili, kila moja na jina la mwanamke aliyeileta, kuanzia kijiji cha Mchombe mpaka kijiji cha Mbingu. Wengi wao walikwisha kufa. Mlango wa disketi ulikuwa umeharibika, printa ilitangulia kufa, na kunakili maelezo yote kwa mkono kungekula siku kadhaa. Bi Mkubwa akipakiwa hivi hivi, majina hayo ndiyo basi tena.

Tegemeo lake lilikuwa Nickolaus, fundi kijana kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kuziunganisha zile mpya kwa waya ili kila moja isome kazi za mwenzake.

"Usihofu, mama," alimwambia. "Huyu bibi hana tundu la mtandao, lakini nitamfunga waya mgongoni, uende kwa huyu jirani yake. Akishampa mzigo, ofisi nzima itauona."

Akafunga, akabonyeza. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya vilevile. Saa sita ikapita, ikaja saa saba, na fundi aliyeanza kazi akipiga mbinja sasa alikuwa anajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Hebu nieleze," Serafina alisema. "Umemwambia nani aanze kumwita mwenzake?"

"Huyu mkongwe. Si ndiye mwenye mzigo, mama?"

"Na huyu mpya?"

"Anasubiri aitwe."

"Ala!" Serafina akajipiga paja. "Mtoto kakaa tu, anangoja mkubwa amwamkie? Umeyaona kwa nani hayo? Mwambie mdogo atangulie yeye!"

Nickolaus akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika. Akakivuta kijitabu cha programu ya Bi Mkubwa, akafunua kurasa haraka haraka.

"Mama, programu yake ni ya zamani mno. Haijui kuita. Inajua kuitika tu."

"Ndivyo nilivyosema."

Sivyo alivyosema hata kidogo, lakini nani angebishana naye saa nane kasoro? Nickolaus akageuza mambo. Mpya akaita, Bi Mkubwa akaitika, na majina yakaanza kuhama, mstari mmoja mmoja, kwa mwendo wa mwenye goti bovu. Saa tisa dereva wa lori akapiga honi. Serafina akatoka kumwambia asubiri, kwa maneno ambayo katekista asingeyapenda.

Saa tisa na robo kazi ikaisha. Wapakizi wakambeba Bi Mkubwa, naye Serafina akamwonea huruma, tena huruma ya kweli. Alikuwa angali anatazama lori likiondoka aliposikia sauti ya Bwana Fridolin, ambaye alikuwa ameifungua orodha kwenye kompyuta mpya ya mezani kwake.

"Serafina! Huyu Paskazia wa Mbingu, mwenye mbegu kumi na moja peke yake, ni nani?"

Serafina akaenda, akasimama mlangoni kwake. "Ni mama yangu, bosi. Marehemu. Hakujua kusoma wala kuandika. Zote alizitaja kwa kichwa."

Bwana Fridolin akavuta kiti cha wageni, akamwashiria akae. Kisha akaanza kusoma kwa sauti majina ya mbegu za marehemu, taratibu: Shingo ya Mwali, Rangimbili, Mbawambili. Serafina akawa analia wala hajifichi. La nne alipolikosea, alimsahihisha huku machozi yakimtoka, na Bwana Fridolin akalirudia vizuri kabla ya kwenda la tano.