Ukuta wa Seyilkan

Jiko la nyumba ya kina Emil nililijenga mwenyewe, na marehemu Seyilkan, mama yake Emil, alisimama nyuma yangu siku zote nne za kazi akiyatazama matofali kana kwamba ningekula moja. Jiko lile limekaa ndani ya ukuta unaotenganisha vyumba viwili. Moshi wake hauendi moja kwa moja kwenye dohani. Hupanda, hushuka, huzunguka ndani ya ukuta mpaka ukuta wote unapata joto. Nilitia njia mbili za moshi, moja ya kupasha sebule na nyingine ya kupasha chumba cha nyuma, na hiyo ya pili nikaiwekea bamba la chuma la kufungulia na kufungia. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Seyilkan.

“Huu ukuta ndio utakuwa mume wangu,” aliniambia. “Basi usinijengee mume baridi, Jolchu. Yule wa kwanza alinitosha.”

Alikufa Februari, akiwa na miaka themanini na moja. Mapafu, walisema. Siku ya mazishi ilibidi tuchome matairi juu ya mahali pa kaburi tangu alfajiri ndipo sululu iingie ardhini. Huku kwetu Naryn, mji wa milimani wenye baridi kali, watu wa Februari huzikwa hivyo.

Oktoba iliyofuata, Saikal akaniita. Huyu ni mkamwana wake, mke wa Emil, ambaye ni ndugu yangu wa ukoo. Emil mwenyewe alikuwa Urusi akijenga maghorofa, mwaka wa tatu huo. Nilimkuta Saikal ametandika magodoro yote sebuleni na kuuziba mlango wa chumba cha nyuma kwa blanketi.

“Shemeji,” akaniambia, “makaa ya mwaka huu yanauzwa kama dhahabu. Siwezi kupasha chumba kisicho na mtu. Nataka uizibe ile njia ya nyuma.”

“Si ulifunge bamba tu? Ndiyo kazi yake.”

“Ziba kwa matofali.”

“Bamba linatosha, shemeji. Mbona unataka kunipa hela ya bure?”

Hakucheka. “Sitaki kulishika lile bamba,” akasema. “Ziba.”

Sikumwuliza zaidi. Fundi akiambiwa ziba, anaziba. Nilifungua kidirisha cha kuzolea masizi, nikalifunga bamba mwenyewe, nikatia matofali mawili kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chumvi, nikasawazisha kwa kidole, nikanywa chai yake ya maziwa, nikaenda zangu.

Mwishoni mwa Novemba alikuja kwangu mchana, theluji ikimfika magotini. Mke wangu Zuura alimvua viatu na kumsogeza jikoni. Alilishika bakuli la chai mpaka likapoa mikononi mwake.

“Shemeji, nyama yangu imeoza,” akasema mwisho.

Zuura akanitazama. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Kwetu nyama ya majira ya baridi huning'inizwa tu kwenye chumba kisicho na moto, ikawa jiwe mpaka Machi. Saikal alikuwa ametundika kondoo mzima na paja la farasi, alilopewa na kaka zake, katika kile chumba cha nyuma.

“Umeacha mlango wazi, moto wa sebule umepenya,” nikasema.

“Sebule yenyewe haina joto la kupenya. Nachoma ndoo tatu kwa siku na bado nalala na koti. Njoo uone.”

Nilikwenda. Dirisha la sebule lilikuwa limeganda ndani kwa barafu nene kama kidole. Niliweka kiganja ukutani, upande wa sebule, na moto ukiwa unanguruma jikoni. Baridi. Baridi ya tofali la gereji. Nikafikiri dohani imepasuka na joto lote linakimbilia angani. Kisha Saikal akaondoa blanketi, akafungua mlango wa nyuma, akabaki kizingitini.

Kilichonipokea kwanza ni harufu ya nyama. Cha pili ni joto. Halikuwa joto kali. Lilikuwa kama la chumba alimoamka mtu muda si mrefu. Kioo cha dirisha kilikuwa kisafi, bila hata tone la barafu, na kupitia hicho niliiona milima yote mpaka kileleni.

Nilianza kuupapasa ukuta kama ninavyopapasa kuta zote, kutoka chini kwenda juu. Chini baridi. Juu baridi. Katikati, mahali kilipokuwa kitanda cha Seyilkan, paliwaka. Nikafuata mipaka yake kwa vidole, kutoka kushoto kwenda kulia. Palikuwa na urefu wa mwanamke mfupi aliyelala, na upana wa mgongo. Nje ya hapo, tofali lilikuwa limelala kama kaka zake wa sebuleni.

Nikaacha kiganja pale. Na hili sikumwambia Saikal siku ile: joto lilikuwa linapanda na kushuka polepole, kama ubavu wa ng'ombe aliyelala.

Nikarudi sebuleni, nikafungua kidirisha cha masizi. Matofali yangu mawili yalikuwa pale pale, udongo haujapata ufa, alama ya kidole changu bado ipo. Nikayabomoa. Nyuma yake nikaingiza mkono mpaka begani. Hakukuwa na kitu. Hewa ya pango.

“Uzime moto,” nikamwambia. “Uache jiko lizimike kabisa, ulale kwetu leo. Kesho mchana tuje tuone. Kama ni moto wa jiko, ukuta utakuwa umekufa.”

Siku ya pili Zuura alikuja nasi, maana alikuwa amenicheka asubuhi nzima. “Fundi mzima unaogopa tofali,” alikuwa akisema njiani. “Labda panya wametia jiko lao huko ndani, wanapika pilau.” Jikoni majivu yalikuwa yameganda. Maji ya ndoo ya sebuleni yalikuwa barafu mpaka chini. Zuura akaingia chumba cha nyuma mbele yetu, akaweka mkono pale nilipomwonyesha, akautoa, akaufunga kwenye kilemba chake kama aliyeungua. Jioni yake akakaanga maandazi ya marehemu, tunayoyakaanga Alhamisi ili harufu ya mafuta iwafikie waliotangulia. Siku ile haikuwa Alhamisi.

Lakini kabla hatujaondoka, mimi na Saikal tulibaki uani akimwaga ile nyama kwa mbwa. Nikamwuliza kwa nini alikataa kulishika bamba.

Aliendelea kutupa vipande kimoja kimoja.

“Mwaka jana Emil hakutuma kitu kuanzia Desemba,” akasema. “Mwajiri wao aliwatoroka. Nilikuwa na makaa ya wiki sita na baridi ya wiki kumi na mbili. Nikamwambia mama, njoo tulale wote sebuleni. Akakataa. Mume wake alifia kile chumba, na yeye atafia hapo hapo. Basi nikawa nalifunga bamba. Asubuhi nafunga, jioni nafungua kidogo, asubuhi nafunga.”

“Ulimwambia?”

“Aliniuliza. Kila siku ananiuliza, ‘Mwanangu, mbona ukuta umepoa?’ Nikamwambia jiko limeharibika. Nikamwambia, Jolchu alijenga vibaya, nimemwita, atakuja.” Akanitazama kwa mara ya kwanza. “Nilikusingizia, shemeji. Na yeye akaendelea kulala kaupa mgongo ukuta, akiungoja upate joto. Ndivyo nilivyomkuta.”

Nilipaswa kumwambia neno la kumfariji. Lakini mimi nami nilikuwa na langu. Januari ile Seyilkan alikuja mlangoni kwangu. Kwa miguu, juu ya barafu, na fimbo, mwendo wa nusu saa kwa kijana. Alisimama langoni akasema, “Jolchu mwanangu, pita basi uuangalie ukuta wangu, mume amenuna.” Nami nilikuwa nafunga zana niende kwa watu watatu waliokuwa wakilipa taslimu, na yeye hunilipa kwa maziwa mgando. Nilimcheka kwa upole. Nikamwambia, “Ukuta wako mzima, mama. Ongeza makaa tu.” Akasema, “Haya, mwanangu.” Akageuka. Nilimwona akishuka kile kilima, na hata chai sikumpa.

Nilimweleza Saikal hivyo hivyo, mle uani. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe tulikuwa wawili,” akasema.

Saikal alibaki nyumbani kwake, akajaribu kuishi sebuleni. Alichoma makaa mengi, akachoma mavi makavu ya ng'ombe aliyoyakusanya kiangazi chote, akachoma mbao za zizi. Sebule haikupata joto. Jiko lile nalijua, halikuwa na kasoro. Nililisafisha mara mbili, nikabadilisha wavu wa chini. Moto uliwaka vizuri na joto halikuonekana lilikokwenda. Katikati ya Desemba makaa yake yakaisha. Nilimpelekea magunia mawili kwa sleji, kigari cha kuburuta juu ya theluji, akanirudisha nayo.

“Nimehamia chumba cha nyuma,” akasema.

“Saikal, njoo ukae kwetu. Zuura mwenyewe amesema.”

“Niko sawa. Kuna joto. Sichomi hata kipande kimoja.”

Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vya moto, mashavu mekundu, na kila jirani aliyepita alishangaa dohani isiyotoa moshi wakati mji mzima umefunikwa na moshi wa makaa. Wengine walianza kumtania kwamba amepata hawara mwenye mafuta mengi. Kisha wakaacha kumtania. Wanawake wakawa hawaingii mle ndani. Chai wanainywea mlangoni, wamesimama.

Nilimwuliza kama anaogopa.

“Mwanzoni nilingoja aninyonge,” akasema. “Nikalala macho juu. Hakuna kitu, shemeji. Ninapolala naugeuzia ukuta mgongo, unanipasha taratibu mpaka kwenye mifupa. Nikijigeuza, unafuata. Nikisogea kichwani, unasogea. Angenichukia ningelala. Angenichukia ningesema, haya, tumelipana. Huu wema wake ndio unaonimaliza.”

Februari ikafika, na khitma ya mwaka. Emil alikuja kwa treni na basi, siku tano njiani, na kondoo wa kuchinja tukamnunua sisi ndugu. Watu walijaa, maana mtu haachi khitma hata kama anaiogopa nyumba. Mullah alisoma, tukala, tukanawa, tukaomba dua. Wengi walipoondoka alasiri, tukabaki watu wanne katika chumba cha nyuma: Emil na mkewe, mimi na Zuura. Emil alikuwa ameketi pale pale ukutani bila kujua, amelegea kwa uchovu, anasema hajapata joto zuri kama hili tangu aondoke nyumbani.

Saikal akamwambia yote. Hakulia na hakujitetea. Alisema lini alifunga bamba, alisema nini alipoulizwa, alimkutaje asubuhi ile. Alipomaliza nikaongeza langu, la langoni.

Emil alikuwa kijana wa maneno mengi, tangu utotoni. Safari hii aliweka tu bakuli lake la chai chini. Kisha akageuka, akapiga magoti kuelekea ukutani, akauwekea paji la uso.

“Mama,” akasema, “zile hela ambazo hazikufika zilikuwa zangu.”

Basi. Zuura akanivuta mkono, tukatoka tukawaacha.

Asubuhi kulikucha kweupe na bila upepo, baridi ya kupasua miti. Emil alikuja kuniita. Nilipoingia niliona dirisha kwanza: barafu ilikuwa imekitanda kioo chote, maua kwa maua, kama la nyumba yoyote. Pumzi yangu ilitoka nyeupe. Saikal alikuwa amekaa kwenye godoro na koti juu ya mabega, viganja vyote viwili vimebandikwa ukutani, anavihamisha huku na huku, juu, chini, kushoto, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

“Ameondoka,” akasema. Na hapo ndipo alipolia, mbele yetu wanaume wawili, kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia mwaka mmoja kabla na hakuweza.

Emil akaenda kwangu na sleji kuchukua yale magunia mawili. Mimi nikakoka moto kwa kuni ndogo, nikalifungua bamba kwa mkono wangu, nikakaa sakafuni kuungoja moshi upite. Jiko lililolala miezi miwili huchukua muda. Ilipofika adhuhuri, upande wa sebule ulikuwa wa uvuguvugu, na upande wa nyuma pia, kutoka chini hadi juu, sawasawa, kama nilivyoujenga.

Emil hakurudi Urusi. Siku hizi anaendesha lori la makaa, na majira ya baridi yanapokaribia huanza kushusha kwa wazee wanaoishi peke yao, kabla ya dukani. Saikal amepata mtoto wa kike, naye analala chumba cha nyuma. Mimi kazi yangu ni ile ile. Ila mtu akija langoni kwangu akaniambia ukuta wake umepoa, hata akiwa hana kitu, hata kama najua hauna ugonjwa, naacha nilichoshika, navaa viatu, tunakwenda pamoja.