Gari Linaposimama Chunyu

Bwana shamba Elineema alihamishiwa Nachingwea kutoka Same, na kabla hajaizoea, mkewe akafariki huko nyumbani. Alizika, akakaa matanga, akarudi kazini. Chumba alichopanga kilikuwa na kuta zisizofika juu, kila neno linavuka kwa jirani. Kwa hiyo kila Jumapili, ibada ikiisha, aliendesha gari lake mpaka Chunyu, upande wa Ruangwa, akaliingiza chini ya mikorosho, akazima injini na kumsimulia marehemu mkewe habari za wiki kwa Kipare. Hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye lugha hiyo. Akirudi, aliweza kuianza Jumatatu.

Alipokata bima kubwa, wakala aitwaye Agape alimshawishi afungiwe kifaa kidogo chini ya usukani. Kingepima uendeshaji wake, na akiendesha vizuri, bima ya mwaka unaofuata ingeshuka. Elineema hakuwahi kugonga hata kuku. Akakubali.

Mwaka ulipokwisha akaenda ofisini.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, mwanangu."

Agape akamwambia bima imepanda. "Unafunga sana breki za ghafla, hasa njia ya Kilimarondo."

"Kule tembo wanatoka mashambani wanakatiza barabara. Nisifunge breki?"

"Mashine haioni tembo. Inaona breki tu."

"Na anayeendesha kwenye lami Dar es Salaam?"

"Kipimo ni hicho hicho."

Agape akageuza kompyuta. Kwenye ramani, safari za Elineema za mwaka mzima zilikuwa nukta nyekundu.

"Halafu makao makuu wanauliza kuhusu hapa Chunyu. Kila Jumapili gari linasimama porini, injini imezimwa. Wanahisi labda unabeba mkaa wa watu."

Elineema alijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Huwa napumzika," alisema.

"Mbali kote huko?" Agape alizitazama zile nukta, kisha akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Bwana shamba, mwaka mzima gari lako halijasimama nyumbani kwa mtu."

"Naomba mkitoe kifaa chenu."

"Tukikitoa, utalipa bei ya juu zaidi."

"Nitalipa."

Fundi alikifungua siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata alikwenda Chunyu kama kawaida. Akazima injini, akaanza kumweleza mkewe habari za ufuta wa Ruponda, ulivyoshambuliwa na wadudu. Akaishia njiani. Akainama kutazama chini ya usukani. Hakukuwa na kitu, naye alijua hakuna kitu, lakini akajikuta ananong'ona, na baada ya muda hata kunong'ona kukamshinda. Alijaribu tena Jumapili nyingine, akabaki amekaa tu, mikono kwenye usukani, akimfikiria mtu asiyemjua, mbali, akitazama nukta na kuuliza anafanya nini pale.

Hakwenda tena.

Siku hizi Jumapili anaosha gari uani. Jirani yake Shaban akitoka msikitini adhuhuri humsalimu.

"Bwana shamba, leo hutoki?"

"Leo nipo."

"Haya, mchana mwema."

Shaban huingia ndani, sahani huanza kusikika, na watoto wakibishana. Elineema hubaki pale nje, akiendelea kufuta kioo ambacho kimeshatakata.